Bi harusi mtarajiwa: pakeji ya saluni au singo ya bibi? Na nifanyeje harusi isiwe ya kukopi

binti_chumbageni

Habari zenu humu ndani, wakubwa shikamooni. Mimi ni wa kusoma na kupita tu ila leo imebidi niulize maana kichwa kinaniuma. Inshallah naolewa mwezi wa nane mwishoni, nikahi nyumbani Tanga halafu wiki inayofuata upande wa mume wanafanya hafla yao ukumbini Dar. Kazi yangu ni ya mauzo, nusu siku nashinda juani, kwa hiyo uso na mikono vimekuwa rangi moja, mgongo rangi nyingine kabisa, na kwenye paji la uso nina madoa ya chunusi za zamani.

Sasa kuna saluni moja hapa mjini wamenipigia hesabu ya pakeji ya bi harusi laki nne na nusu, ndani yake fesho, kusugua mwili mzima, na mafuta wanayochanganya wenyewe ya "kutakatisha", eti wiki mbili tu nimeng'aa. Nikauliza yana nini ndani wakasema siri ya biashara. Bibi yangu mzaa mama ni Mpemba, aliposikia alicheka mpaka akakohoa, yeye anasema nirudi nyumbani nikae ndani, nisuguliwe singo na liwa, nipakwe hina, basi. Mama yupo katikati hataki kumuudhi mtu. Na likizo yenyewe ndogo, kukaa ndani mwezi mzima kama zamani siwezi, nitapata siku kumi hivi kabla ya nikahi.

La pili, sitaki harusi ya kukopi. Kila ninayokwenda ni ile ile, ukuta wa maua ya plastiki, majina ya maharusi kwa taa, MC anapiga kelele, keki, selfi, kwaherini. Nataka vitu vidogo vya kwetu ila mfuko ndiyo huo, kamati yetu ni wajomba watatu na grupu la WhatsApp ambalo watu wanatuma dua badala ya michango 😂

Mnanishauri nini? Nini kitangulie nini kifuate, na mliofanya harusi zenu kwa namna yenu mlifanya nini hasa?

---

mama_asumini

Marhaba mwanangu, na hongera, Mungu akukamilishie. Mimi nipo Unguja natengeneza singo miaka na miaka na kazi yangu ni kuwatia ndani na kuwatoa bi harusi, kwa hiyo utanisamehe kama nitakuwa mrefu.

Bibi yako yuko sawa. Lakini singo ina utaratibu wake, siyo unajipaka tu kama skrabu ya dukani. Singo nzuri ni maua yaliyokaushwa kivulini, siyo juani, jua linaua harufu: asumini, mawaridi, mlangilangi, mkadi, kilua ukikipata kwa msimu wake, na majani ya mrehani. Vinatwangwa na liwa na karafuu, halafu wakati wa kutumia unarowanisha na marashi ya mawaridi mpaka iwe uji mzito. Anayekuuzia singo ya rangi moja laini kama unga wa ngano yenye harufu ya pafyumu, huyo kakuuzia unga. Singo unaiona, ina chembe, ukiisugua kiganjani inakwaruza kidogo na harufu inabaki hata baada ya kuoga.

Karafuu ndiyo pa kuwa makini, karafuu ni kali. Mtu akitia nyingi ili inukie, ngozi ya bi harusi inawaka moto hasa mapajani na kwapani, na kama umetoka kunyoa au kupiga sukari ya kutoa vinyweleo siku hiyo hiyo utalia. Kwa hiyo kunyoa siku yake, singo siku yake. Usoni usipake singo ya mwili, usoni tunaweka liwa peke yake iliyosagwa kwenye jiwe na marashi, inapakwa nyembamba, inakauka, inaoshwa taratibu. Na kama una chunusi mbichi usisugue, unazisambaza.

Siku kumi zinatosha kabisa. Singo kila siku ya pili jioni, mafuta ya nazi mepesi baada ya kuoga, usiku nguo na nywele zifukizwe udi kwenye chetezo. Ila sikiliza hili, na wengi wanakosea hapa: SINGO INAMALIZIKA KABLA YA HINA. Hina ikishaingia usisugue tena kitu, ukisugua unaibandua rangi uliyoilipia. Sukari na kunyoa ya mikono na miguu pia kabla ya hina. Mimi utaratibu wangu ni kunyoa, kupumzisha ngozi siku moja mbili, singo ya mwisho, hina, halafu kutoka hapo ni udi na manukato tu mpaka nikahi.

Haya ya saluni kukuficha kilichomo kwenye mafuta, hapana. Mimi nauza singo na ninamwambia mteja kila ua lililomo. Siri gani hiyo ya kupakwa mtu mwili mzima.

---

duka_la_dawa

Nakazia hapo kwa mama_asumini. Nipo kwenye famasi hapa Dar na hayo mafuta ya siri nayajua kwa wanaokuja baada ya harusi, siyo kabla. Kabla wanaenda saluni, baada ndiyo wanakuja kwangu.

Dada, kitu chochote kinachobadilisha rangi ya mwili ndani ya wiki mbili mara nyingi kina kimoja kati ya vitu vitatu au vyote pamoja: haidrokwinoni, zebaki, au stiroidi kali kama klobetasoli. Haidrokwinoni na zebaki kwenye vipodozi ni marufuku Tanzania muda mrefu tu. Stiroidi ni dawa ya hospitali ya ugonjwa maalumu wa ngozi, siyo losheni. Ile raha ya mwanzo ni ya kweli, uso unakuwa laini, madoa yanafifia, na ndiyo maana watu wanaamini. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, jua kidogo tu inawaka, ukiacha kupaka zinarudi chunusi mara mbili. Yaani unaweza kuwa mzuri kwenye nikahi Tanga na ukafika hafla ya Dar uso umevimba mwekundu.

Zebaki ndiyo naiogopa zaidi kwa bi harusi maana haiishii kwenye ngozi, inaingia mwilini, inaharibu figo, na mwenye mimba inapita mpaka kwa mtoto. Fikiria mwenyewe, unajipaka mwezi wa saba, umeolewa wa nane, wa tisa umeshika mimba. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuingiza nchini vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, lakini mtaani vipo, tena kwenye vikopo visivyo na lebo, kama hivyo vya kukorogwa saluni. Vipodozi tangu 2019 vipo chini ya TBS, shirika la viwango, kwa hiyo ukinunua chochote tafuta alama yao na orodha ya vilivyomo. Hakuna orodha, hakuna kununua.

Kuhusu madoa na hiyo rangi mbili ya mikono na mgongo: hiyo ni jua. Dawa yake ni losheni ya kuzuia jua SPF 30 kwenda juu, asubuhi na tena mchana ukiwa nje, mikono mirefu, mwavuli. Anza leo, siyo wiki ya harusi. Kuna kasumba kwamba losheni ya jua ni ya Wazungu. Pale hospitali ya KCMC Moshi wanatengeneza kabisa losheni ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, utaalamu upo hapa hapa nchini, ila sisi wengine tunaona haituhusu halafu tunatafuta mkorogo wa kufuta kazi ya jua. Madoa ya chunusi yanafifia kwa miezi, usipoyachokonoa. Ukitaka kuyaharakisha muone daktari wa ngozi sasa hivi ukiwa bado una muda.

---

mrembeshaji_kino

Hongera dada bi harusi 🥂 mimi ni fundi wa mekapu, nimepaka bi harusi wa pwani na wa bara, nitasema ya uso tu maana mwili mmeshaumaliza.

Fesho mpya usifanye ndani ya wiki mbili za mwisho. Siyo kwamba fesho ni mbaya, ni kwamba hujui ngozi yako itaitikiaje, na kusafisha chunusi kwa kukamua kunaacha alama ambazo mimi nitahangaika kuzifunika. Kama unataka, fanya mwezi wa sita au wa saba, ikikupenda rudia, ikikukataa una muda wa kupona. Hata sabuni usibadilishe mwishoni.

Mekapu ya majaribio fanya, na usifanyie ndani ya saluni yenye taa za njano ukaridhika. Toka nje mchana ujitazame kwenye mwanga wa jua, halafu piga picha kwa flashi gizani. Kuna poda na losheni za jua zenye zinki na titani zinarudisha mwanga, kwa macho uko sawa, kwenye picha ya usiku uso umekuwa kama umepakwa chokaa na shingo nyeusi. Hilo nimeliona kwenye picha za watu mpaka huruma. Rangi ya foundesheni ipimwe shingoni na kifuani siyo mkononi, hasa wewe ambaye mkono na mwili haviendani. Na mwambie fundi wako asikupandishe rangi! Ndiyo tabia yetu mafundi wengi, bi harusi anatoka mweupe kuliko alivyozaliwa, bwana harusi anamtafuta mkewe.

Mwezi wa nane bahati yako, joto limepungua. Wa Januari na Februari hata uweke spre gani mekapu inateremka na jasho. Bado chukua karatasi za kunyonya mafuta, gusa kwa kubonyeza, usipangusie kitambaa. Na kula! Bi harusi wangapi wanazimia kwa sababu tangu alfajiri hawajaweka kitu tumboni eti gauni litabana.

---

binti_chumbageni

Jamani mmenitoa ushamba. Mama_asumini asante sana bi mkubwa, nimemsomea bibi kwenye simu akasema "mwambie huyo mwenzangu amefundishwa". @duka_la_dawa saluni nimeshawaaga.

Ila kuna kitu kimetokea jana. Wifi zangu wa Dar wanataka piko, siyo hina. Wanasema hina nyekundu ni ya kizamani, kwenye picha haionekani, piko nyeusi ndiyo inatoka vizuri na gauni jeupe. Mchoraji wao anasema inakauka dakika ishirini tu, halafu hakuna kulala na mikono imefungwa mifuko. Sitaki kuanza ndoa na ugomvi wa wifi, nifanyeje?

---

duka_la_dawa

Hiyo dakika ishirini ndiyo jibu lenyewe. Hina ya kweli haiwezi kuwa nyeusi ndani ya dakika ishirini, haijawahi. Inayofanya hivyo ina PPD, ile kemikali ya rangi nyeusi ya nywele. Ulaya kwenye nywele wameiwekea kikomo cha asilimia 2, kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa, na sisi tunaichora mkono mzima mpaka kiwiko tena ikiwa unga mtupu uliokorogwa na maji. Wengine hawadhuriki mara ya kwanza, wanasema mbona mimi napaka kila Iddi. Mwili unaweza kuikubali leo na kuikataa mwakani. Ikikataa unapata malengelenge yanayofuata mchoro ule ule, ua kwa ua, na kovu linabaki na umbo la ua. Na mwili ukishaikataa, hata rangi ya nywele ya saluni yenye PPD huwezi kuitumia tena maisha yako.

---

bint_mvita

Salamu kutoka Mombasa. Mwanamke mwenzangu, hili la piko hata huku kwetu liko, hina na piko huchorwa pamoja, hina yajaza na piko yazunguka, na watu wapenda. Mimi simlaumu anayependa weusi, picha ni picha. Lakini weusi wapatikana bila hiyo dawa kama una subira.

Sikiza. Unga wa hina uwe mpya, wa kijani, wanukia kama majani makavu. Ukiwa wa kahawia umechoka, ukiwa mweusi mkavu tangu paketini, hiyo si hina. Chunga kwa kitambaa chepesi mpaka uwe laini, koroga na maji ya ndimu, wengine huweka chai ya rangi iliyochemka sana, tia mafuta ya mkalitusi au ya karafuu matone kidogo, funika uache mpaka ukiweka kidogo kiganjani yaacha rangi. Ndipo uchore. Ikianza kukauka iguse na ndimu na sukari kwa pamba ishike. Lala nayo. Asubuhi usioshe kwa maji, ikwaruze kwa mafuta ya nazi. Itatoka rangi ya chungwa na wewe utalia useme nimeharibikiwa, usilie, ngoja. Siku ya pili yaiva, yawa kahawia iliyokolea, na viganjani na nyayoni hukaribia weusi kwa sababu ngozi ya hapo ni nene. Kwa hiyo hina ya nikahi ya Ijumaa ichorwe Jumatano, si Alhamisi usiku kama wafanyavyo wengi kisha wakalaumu mchoraji.

Tena kuna faida nyingine wifi zako waambie: hina haizuii maji ya udhu, rangi ya kucha yazuia. Pakeni na vidole na kucha, mambo yaishe.

Upande wa kuifanya harusi iwe yako, mimi nakuona una mali na hujui. Bibi Mpemba, mama wa Tanga! Huku siku ya kupamba bi harusi hutolewa mbele ya wanawake watupu, hakuna wanaume, simu zazuiliwa mlangoni, na wanawake hujiachia kwa ngoma na nyimbo. Mimi langu nilimwomba nyanyangu leso yake ya kisutu, kanga ile nyekundu na nyeusi na nyeupe, ambayo kwa Waswahili ndiyo leso ya harusi tangu zamani, nikajifunga nilipokuwa napakwa hina. Haikunigharimu senti. Picha ile ndiyo iliyoko ukutani kwangu leo, ile ya gauni iko kwenye simu tu.

Na vikuba. Ukumbini mlangoni, badala ya kugawa ribini, kila mwanamke akiingia apewe kikuba cha asumini na mrehani akibane nguoni au kwenye nywele. Wataka harufu gani zaidi ya hiyo?

---

mama_asumini

Bint_mvita kasema kweli, nikuongezee la vikuba maana watu huharibikiwa hapo. Asumini huchumwa jioni ikiwa bado vitumba, usiku ndiyo inafunguka, kesho mchana imeshakuwa ya njano. Kwa nikahi ya baada ya Adhuhuri usifunge vikuba jana yake mchana. Chumeni magharibi, fungeni usiku shangazi zako wote wakiwa chini kwenye mkeka wanasengenya, hiyo nayo ni harusi, halafu vilazwe kwenye ungo juu ya majani ya mgomba na kitambaa cha unyevu, mahali pa baridi. Siyo ndani ya friji kabisa, vinaungua. Na usivisafirishe kwenda Dar kwa basi, vitafika maiti.

Kwa Dar nina wazo jingine. Singo kavu haiharibiki. Mkae na bibi yako atwange nyingi, mtie kwenye vifuko vidogo vya kitambaa, kila mgeni wa kike aondoke na kimoja, "singo ya Bibi, Pemba". Karanga za kufungwa kwenye neti kila mtu anazo nyumbani.

---

kaka_wa_kamati

Naingia ukumbi wa akina dada kwa heshima na taadhima, msinifukuze. Nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi mpaka shemeji zangu wananiita Hazina, kwa hiyo nitaongea pesa.

Bajeti ndogo inakufa kwa kugawanywa vipande vingi. Ukuta wa maua kidogo, taa za jina kidogo, moshi wa kucheza kidogo, mwisho hakuna mgeni anayekumbuka hata kimoja na milioni mbili zimekwenda. Chagua vitu viwili vitatu vya kwenu, vingine kata bila huruma. Kwenye harusi moja ya ndugu yangu hapa Dar tulimkodi mzee wa kahawa wa mtaani na dele lake na vikombe vyake, akakaa pembeni ya ukumbi na kashata na halua ya Zanzibar. Malipo yake hayakufika hata nusu ya wangetuchaji kwa ile mashine ya bisi. Wazee hawakutoka pale, mpaka mshenga ilibidi aitwe mara mbili kuja kupiga picha.

Kuhusu kanga za sare, watu wanaota kuchapisha kanga yenye jina lao. Kiwanda hakikuchapii doti thelathini, na za kuchapishia mtaani rangi inatoka mfuo wa kwanza. Nenda Mtaa wa Uhuru Kariakoo, tafuta kanga iliyopo tayari yenye maneno yanayokufaa, "Nani kama mama", "Hongera mwanangu", zipo tele, chukua kwa korija na siyo moja moja, bei inashuka. Ukisema ni ya harusi usioneshe furaha usoni, utapandishiwa.

Na MC mwandikie karatasi. Kabisa. Majina ya kutaja, utani unaoruhusiwa, na mistari ambayo haruhusiwi kuvuka. Bi harusi wa Tanga lazima atataniwa, hilo halina dawa, ila bora mjue mapema utani unaishia wapi.

Bwana harusi naye mwambieni asinyoe ndevu na kichwa asubuhi ya nikahi. Siku moja au mbili kabla, vipele vitulie. Hakuna anayetuambiaga sisi haya mambo.

---

mrembeshaji_kino

Hahaha Hazina umeua hapo kwenye furaha usoni. Ila dada mimi nipingane kidogo na kaka, usikate mpiga picha. Punguza kila kitu, mpiga picha mzuri baki naye, na mlete siku ya hina nyumbani hata kwa masaa mawili, mikono ya bibi akikupaka ndiyo picha yenyewe. Ukumbini picha zote zinafanana.

---

wa_matrah

Nawasoma kutoka Muscat. Kwa la udi tu: usinunue ule wa paketi unaotoa moshi mweusi unaokata koo, ukumbi mzima utakohoa na bi harusi macho yatamtoka machozi mekapu ikaharibika. Mwambie bibi akupikie udi, ule wa vipande vinavyopikwa na sukari na marashi na mafuta mazuri mpaka vishikane, kila bibi wa visiwani ana mkono wake na hawapeani siri kirahisi (hii siri naiunga mkono, haipakwi mwilini 😄). Unatia kipande kimoja kidogo juu ya kaa lililokwishatulia, siyo lenye mwali. Gauni lifukizwe jana yake kwenye tenge la kufukizia nguo na lisiwe karibu na moto, vitambaa vya siku hizi ni plastiki vinashika moto upesi. Sisi huku harusi za Wazanzibari zinajulikana tokea kwenye maegesho ya magari, unafuata harufu tu.

---

binti_chumbageni

Nimekusanya kila kitu kwenye daftari. Mama kafurahi maana hakuna aliyeudhika: singo na liwa kwa bibi, mekapu kwa fundi wa Dar ambaye nimeshamwomba nijaribu mwezi wa saba, losheni ya jua nimeanza tangu juzi, kanga kwa korija nimemkabidhi mjomba asiyejua kucheka. Kuhusu upande wa Tanga, nimeongea na mama kuhusu tarabu, yeye na dada zake walikua enzi za Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya tarabu vya Tanga, sasa wanagombana nani ataimba nini. Nimewaacha wamalizane.

Wifi nimewatumia yale ya PPD, mmoja kakubali, mwingine kasema yeye atachora piko yake mwenyewe, sawa, mkono wake. Swali la mwisho: nikahi Tanga Ijumaa, hafla ya Dar Jumamosi ya wiki inayofuata. Hina itafika?

---

bint_mvita

Mkono wa juu itafika, imepungua lakini yaonekana. Viganja na ncha za vidole ndizo hufifia mapema kwa kuosha na kushika vitu, tena wewe utakuwa umeanza kuoshea vyombo mama mkwe 😅. Ukiosha vyombo vaa glavu au sema unaumwa. Usimwite mchoraji akuchore upya juu ya mchoro wa zamani, mistari haitakaa sawa, itakuwa tope. Mwite arudie viganja, vidole na nyayo peke yake kwa kujaza, Jumatano au Alhamisi ya wiki ile, unga ule ule. Na usijisugue Dar kabla ya hafla hata wifi wakikuletea skrabu ya zawadi.

---

mama_asumini

Na mchoraji mlipe nusu kwanza, nusu nyingine akimaliza mkono wa pili. Wakishalipwa yote mkono wa kushoto huchorwa kwa haraka.